Mwisho wa Hadithi Uko Kwenye Kola

"Shemeji, umeniuzia nusu ya hadithi." Fundi cherehani alibwaga vipande vya gazeti juu ya meza ya Toleo. "Bibi harusi kafungua mlango, kamkuta nani? Sijui. Huyo mtu nimeshamkata kola."

Toleo akainua kipande kimoja: mkono wa gauni, umejaa habari za bungeni.

Jina la Toleo alilipata zamani, alipokuwa akipaza "toleo jipyaaa" pale kona mpaka kuku wanaruka ukuta. Enzi hizo magazeti yalikwisha kabla chai haijapoa. Siku hizi watu wanasoma kwenye simu, mezani kwake wanakuja kuomba chenji na kuulizia njia. Na wakala anayemletea magazeti alishamwonya jana: leo mchana nikikuta yamebaki tena, meza hii naifuta kwenye orodha.

Aliletewa kumi na mawili. Kumi na moja yalikuwa yamelala pale kama wagonjwa wodini.

Hilo la kumi na mbili alilinunua huyu fundi, shemeji yake, asubuhi. Mafundi wa ile safu ya ng'ambo ya barabara wote hukatia vipimo vya nguo kwenye magazeti ya zamani, lakini ya zamani nayo yameadimika. Jipya lisiponunuliwa, la zamani litazaliwa na nani? Basi akachukua la leo, huku anakata, huku anawasomea wenzake kwa sauti. Kufika "inaendelea ukurasa wa saba," ukurasa wa saba ulishakuwa kola, na mabaki yake yamewashia mkaa wa pasi.

Toleo akamwambia anunue lingine. Shemeji akauliza kama amemwona ana vichwa viwili.

"Moja la mkasi, moja la macho," Toleo akasema.

Shemeji akacheka kwa dharau. Toleo akachukua gazeti jingine. Akafungua ukurasa wa saba, akakohoa, akapaza ile sauti yake ya kurusha kuku: bibi harusi anatetemeka, kitasa kinalia, mlango unafunguka. Cherehani za safu nzima zikanyamaza. Akasoma mpaka "akamkuta amesimama..." halafu akalikunja gazeti taratibu, akalikung'uta vumbi.

Weee! Mafundi walitoka mbio, tepu za kupimia zikipepea shingoni, mmoja na kiatu mguu mmoja. Shemeji ndiye aliyewahi wa kwanza, kwa viwiko. Hata lile la mkononi mwa Toleo lilinyofolewa, hela ikaachwa kiganjani mwake.

Wakala alipofika alikuta meza tupu. Akachungulia chini yake. Akamtazama Toleo, akachungulia tena.

"Umeyaficha wapi, mzee?"

"Yako kazini. Kesho niletee ishirini na tano, na hadithi ikatwe pabaya hivyo hivyo."

Wakala akatoa kalamu, akaandika, akaanza kuuliza siri ni nini. Lakini upande wa pili wa barabara mafundi walikuwa wameshapiga yowe, wanagongana mabega kwa kicheko, na Toleo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajafika mwisho.

"Nilindie meza," akamwambia wakala, akavuka barabara mbio. "Shemeji! Alikuwa nani mlangoni?"