Jezi Usoni

Garrett Lindquist alikuwa na miaka ishirini na minne, mke, mtoto wa miezi saba na goti lililopasuliwa mara mbili, na bado alikuwa akichezea timu ya kikapu ya chuo. Wenzake wanne walioanza naye uwanjani walikuwa wa mwaka wa kwanza, watoto wa juzi tu, nao walimwita Babu. Kocha Renner alimtoa chuo kingine kwa sababu moja: pale jimboni Nebraska kila mtu anajua kwamba ikifika Machi, mwezi wa mashindano ya mtoano, timu changa huyeyuka. "Wewe umeshayaona," alimwambia. "Kazi yako ni kutoogopa."

Kazi yenyewe ndiyo iliyomshinda. Aliogopa kuliko wote, ila alikuwa na ndevu za kufichia.

Alichokiogopa kilikuwa kwenye simu za wale vijana. Asubuhi ile ndani ya basi, huku wakila mikate ya mdalasini, walirudia kutazama video ya zamani ya mchezaji mmoja wa chuo cha Oregon aliyeomba mapumziko wakati timu yake ilikuwa imeshayamaliza yote. Kosa hilo huwapa wapinzani mitupo ya bure, na timu yake ikatolewa. Yeye, kijana asiye na ndevu, akajifunika uso kwa jezi hata asitambulike.

"Babu, hebu mwone huyu boya," alisema Tavion, mdogo kuliko wote, huku akicheka.

"Hana akili kabisa," Garrett akajibu. Akaurudisha mkate kwenye karatasi yake. Boya yule alikuwa yeye.

Mchana wakaingia fainali ya kanda, ambayo mshindi wake huenda mashindano ya taifa. Wapinzani walikuwa mibaba mitupu ya miaka ishirini na tatu, isiyo na haraka. Hata hivyo, sekunde kumi na moja kabla ya mwisho, vijana walikuwa mbele kwa pointi moja. Anayeshindwa anarudi nyumbani, na Garrett angerudi asicheze tena, maana huo ulikuwa mwaka wake wa sita na wa mwisho.

Kocha akaomba mapumziko. "Haya ndiyo ya mwisho. Hatuna mengine. Mmesikia?"

Wakaitikia kwa vichwa. Garrett alimtazama Tavion, aliyekuwa mdomo wazi, hapepesi macho. Uso ule aliujua. Mtoto hakuwa amesikia hata neno moja.

Angeweza kunyamaza akabaki na heshima yake.

"Yule boya wa kwenye video," alimwambia, "ni mimi."

"Acha utani, Babu," alisema Tavion.

"Kocha wetu wa kule alituambia hatuna mapumziko. Nikaitikia kwa kichwa, kama wewe sasa hivi. Nilikuwa naogopa, sikusikia kitu. Na hapa nilipo naogopa vilevile."

Hakuna aliyecheka. Filimbi ikalia.

Wapinzani wakatupa, wakakosa, na mpira ukamwangukia Tavion kwenye kona. Mibaba miwili ikamvamia kuunyang'anya. Zilibaki sekunde tatu. Garrett alikuwa upande wa pili, goti halimfikishi, na kwa kelele zile hata mzinga usingesikika. Akamwona Tavion anamgeukia mwamuzi, mdomo unafunguka kuomba mapumziko.

Akafanya alichokiweza. Akavuta jezi, akajifunika uso mzima mbele ya watu elfu tisa.

Gizani humo alisubiri filimbi. Haikulia; ikalia honi ya mwisho, ndefu, na bado hakuthubutu kutazama. Kisha mikono yenye jasho ikamshika mabega.

"Babu," alisema Tavion, analia huku anacheka. "Toa jezi usoni. Nimekuona."