Ajila Zipo, Ajira Hatuzioni

Umewahi kukosa kazi kwa sababu ya herufi? Juzi, kwenye ofisi moja mjini Ngara, dada mwenye degree isiyo na kazi, kama yangu, alimwonyesha ofisa simu yake: kila akitafuta “ajira Ngara”, tovuti yao haitokei, na maombi yalikuwa yamefungwa siku moja kabla.

Ofisa akageuza skrini kwa madaha. “Si hii hapa? Ajila Ngala.”

“Kaka, nani anatafuta ‘ajila’?”

“Hata sisi tumeshangaa, hakuna aliyeomba. Tumeshalipoti juu kwamba vijana hamtaki kazi.”

Seriously? Lafudhi tunasameheana, lakini mtandao hausikii, unasoma. Wakubwa, rudisheni hizo R mbili, kisha fungueni maombi upya. Sisi tusiotaka kazi tunasubiri.