Siku Niliyopatanisha Mataifa kwa Pilau

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hapa Majengo hadi leo nikipita na sinia lazima mtu aniulize leo naenda kumpatanisha nani, na siwezi kumlaumu, kwa sababu aibu ile niliipika mwenyewe, tena kwa sufuria yangu.

Ilikuwa miaka ya themanini, mji umejaa akina mama wa dunia nzima waliokuja kwenye mkutano wao mkubwa, na chifu akaja kwenye kikundi chetu cha wanawake akatuambia kuna wageni wataletwa kula chakula cha mchana kwenye holi ya mtaa, na kwamba nchi yetu imesimama na mataifa yote kutafuta amani, kwa hivyo mama atakayeiaibisha mbele ya wageni atajua yeye chifu ni nani. Mwenyekiti nilikuwa mimi, basi hotuba nikapewa mimi, na pilau pia mimi (angepika nani mwingine?).

Sasa kuna jambo lazima niwaambie. Mimi na Mama Njoki, aliyekuwa akikata kachumbari pembeni ya sufuria yangu, tulikuwa hatusemezani kwa miezi, tangu siku aliposogeza debe langu nyuma kwenye foleni ya maji. Tunakaa ploti moja, mlango kwa mlango, na huyo ndiye aliyenishika mkono nikimzaa Saida wangu, lakini kununa ni kununa. Tukiwa na la kuambiana tunamtumia Mama Auma, aliyekaa katikati yetu akimenya vitunguu.

"Mama Auma, ambia huyo chumvi imeisha."

"Mama Auma, ambia mwenyekiti chumvi iko mbele ya macho yake."

Na Mama Auma, maskini, anarudia yote neno kwa neno, ilhali sote tumeshasikia.

Wageni wakaingia holini tukiwa bado tunatumiana maneno hivyo kwenye kona yetu, binti mkalimani akatutajia nchi zao, nami nikashtuka: mrefu mmoja wa kilemba na mfupi mmoja wa miwani walitoka kwenye zile nchi mbili ambazo redio haikupitisha jioni bila kusema zinapigana mpakani. Nikatoa hotuba yangu, kwamba sisi Wakenya ni watu wa amani na ugomvi wowote tunaumaliza kwa kuketi pamoja (hapo walipiga makofi sana), lakini macho yangu yalikuwa kwa wale wawili tu. Nilitaka kujua. Kwetu waliogombana huketishwa sinia moja, mkono ukigusana na mkono ndani ya wali maneno yanapungua. Je, dawa hiyo inafanya kazi hata kwa nchi nzima, yenye jeshi na ndege za vita? Ningeliacha swali hilo ningekufa? Lakini wapi, nikaziondoa sahani zao mbili, nikawawekea sinia moja katikati.

Wakatazamana. Wa kilemba akasema kitu kwa lugha nisiyoijua, wa miwani akajibu kwa sauti, mikono ikaanza kurushwa, vidole vikaelekezwa huku na huku, jasho likanitoka nikaona vita vimehamia Majengo na chifu amesimama pale pale mlangoni, basi nikawaashiria wenzangu waimbe, wimbo wowote ule, nao wakaimba kwa nguvu zote hadi holi nzima ikaacha kula na wale wawili wakaziba masikio.

Wimbo ulipokwisha, binti mkalimani akanijia anajizuia kucheka.

"Mama, hawagombani, wanabishana tu. Wanauliza, wewe na yule mama wa kachumbari mnatoka nchi gani na gani?"

"Nchi gani vipi?"

"Wameona hamwezi kuongea bila kupitia kwa yule wa katikati. Mmoja anasema lugha zenu ni tofauti. Mwingine anasema hapana, nchi zenu ziko vitani."

Mama Auma, aliyebeba maneno yetu miezi yote hiyo bila kulalamika, akajibu kwa sauti ya kusikika holi nzima, "Wanatoka ploti moja! Hata choo chao ni kimoja!"

Binti alipotafsiri, walicheka, jamani. Chifu alicheka mpaka akashika ukuta. Wa kilemba akasogea, akatuonyesha nafasi pale kwenye sinia, mimi huku, Mama Njoki kule. Nikikataa, hotuba yangu yote ni upuzi mbele ya mataifa. Na nikimtazama Mama Njoki naogopa zaidi, kwa sababu yeye hakuwa amemwahidi mtu yeyote amani. Mimi nikasimama pale na mwiko wangu. Yeye akanawa mikono polepole, akaja akaketi.

Tulikula wanne, sikuisikia hata ladha ya pilau yangu, ila nilimwona Mama Njoki akinisogezea nyama upande wangu bila kuniangalia, kama alivyokuwa akifanya zamani. Jamani, nilikuwa na hamu naye.

Wageni walipoondoka tukabaki wawili tukiosha masinia (Mama Auma alijiondokea makusudi).

"Usifikirie tumeongea," akasema, macho yakiwa kwenye maji. "Hapo nimekula sababu ya nchi."

"Hata mimi."

Akacheka yeye kwanza.

Tangu siku hiyo nimeapa simwekei mtu sinia la kupatanishwa kabla sijajiuliza mimi mwenyewe nimenuniana na nani. Na redio ikisema wakubwa wa nchi mbili wamekutana, wenzangu husikiliza wamekubaliana nini; mimi nataka kujua tu ni nani aliyetangulia kunawa mikono. Kwetu hakuwa mwenyekiti.