Tambi za Baba Mkwe

Kwa miezi minne nilimpikia mwanaume mmoja chakula cha mchana kila siku ya Mungu, na shukrani zote zikaenda kwa mtu mwingine. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani naandika habari za mapishi kwa roho kunjufu. Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe mpaka leo haijapoa vizuri.

Mwanaume huyo ni baba mkwe wangu. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa na kukulia Kihesa, Iringa. Niliolewa Mbeya na Mnyakyusa, na wakati wote wa uchumba hakuna aliyenieleza waziwazi kwamba kwa mila ya kwao mke na baba wa mume hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima. Mkikutana njiani unajitanda khanga kichwani na kuacha njia. Chumba alichomo huingii, humsalimii, humtazami, jina lake hulitaji, na yeye naye anakukwepa vivyo hivyo. Siku hizi wapo walioiacha mila hiyo, lakini ukoo nilioolewa mimi haumo. Kwetu Iringa mkwe tunamheshimu sana, tunampigia magoti tukimwamkia, lakini angalau tunajua ana sura gani.

Alipokuwa kwake Rungwe jambo hili halikunisumbua. Tulikwenda mara mbili kwa mwaka, mimi nikakaa jikoni na mama mkwe, tukamenya ndizi na kucheka, na mzee akabaki kuwa sauti ya mtu anayekohoa upande wa pili wa nyumba. Kisha mama mkwe akafariki. Mzee akaacha kula. Mume wangu akamleta kwetu Mbeya, na hapo ndipo nilipoielewa mila ile vizuri, kwa sababu nyumba yetu ina vyumba vitatu na korido moja.

Niliishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Mzee akitaka kwenda chooni alikohoa mara mbili, nami nikakimbilia jikoni na kufunga mlango. Nikitaka kwenda chumbani kwangu nilizunguka uani na kugonga dirisha ili mume wangu achungulie kama korido ni nyeupe. Mume wangu ananunua mchele Chimala, kwa hiyo siku nyingi za wiki hakuwepo hata wa kuchungulia. Watoto wako shule ya bweni. Tulibaki wawili, mimi na mzee, tukikwepana kutwa nzima kwa kikohozi.

Na chakula je? Ilibidi mtu mwingine akipeleke. Hapo ndipo alipoingia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa mtaa wa pili. Kila siku saa saba mchana alikuja, akanikuta nimeshapika, akanawa mikono, akachukua sinia na kuingia nalo kwa baba yake. Wiki za mwanzo sinia lilirudi kama lilivyokwenda. Nilipika ndizi kwa nyama, ndizi zikarudi. Nilipika wali wa Kyela na maharage, wali ukarudi na alama ya kijiko kimoja tu. Daktari alisema hana ugonjwa wa kuonekana ila huzuni, lakini asipokula atapata kila kitu. Nilimfulia nguo, kwa hiyo nilijua bila kumwona: mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine, kisha la tatu.

Niliogopa. Sikumjua, lakini niliogopa. Nyumba ilikuwa imetoka msibani juzi tu.

Sasa nieleze habari ya tambi. Kabla sijaolewa nilifanya kazi katika nyumba ya wageni Iringa, na mwaka mmoja tulipata wapangaji Wachina wa kazi za barabara, waliokuja na mpishi wao. Mpishi yule alikuwa na maneno ya Kiswahili yasiyozidi kumi, na mawili aliyoyapenda yalikuwa “bado” na “toa.” Nilijifunza kwa hayo mawili. Maji yachemke kwelikweli, tambi ziingie, uhesabu taratibu huku akikuambia bado, bado, halafu ghafla toa! Ukichelewa kidogo tu alikutazama kana kwamba umemuua ndugu yake. Unazimwagia maji baridi, unazichuja. Karai likishapata moto sana unaweka mafuta, kitunguu saumu na tangawizi vilivyokatwa nyembamba, karoti, kabichi, tambi zenyewe, sosi ya soya, unarusharusha, basi. Kazi yake ni fupi kuliko kusubiri maharage yachemke.

Siku moja nilikuwa nimechoka, nikampikia mzee ndizi zake kama kawaida, na mimi mwenyewe nikajikaangia tambi. Ilikuwa Jumapili, mume wangu yupo. Akatoka chumbani kwa baba yake na kuja jikoni.

“Mzee anauliza, hiyo harufu ya nini?”

“Mwambie ni chakula changu.”

“Anasema anataka kuonja.”

Nikampa bakuli langu. Likarudi tupu. Nililigeuza juu chini, nikalitazama hadi mume wangu akaniuliza kama ni mzima. Tangu siku hiyo nikawa nampikia tambi kila mchana: za mchuzi wa kuku siku ya baridi, za kukaanga na yai siku ya jua. Wifi akawa anazipeleka, akibinua midomo.

“Wewe Mhehe unamlisha baba yangu minyoo,” aliniambia. “Mtu mzima anakula ndizi, anakula ugali. Hivi ni vitu vya watoto wa chuo.”

Lakini bakuli lilirudi tupu, na mzee akaanza kusikika akiimba nyimbo za kanisani asubuhi. Alitoka hadi barazani. Majirani wakamwona, wakamsifia afya, na wifi yangu akazipokea sifa zile zote kwa mikono miwili. Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe, kupitia dirisha la jiko, akiwaambia akina mama wa jumuiya waliokuja kumsalimia mzee: “Ni kumpikia mwenyewe tu, jamani. Baba anataka mkono wa binti yake.” Wakasema Bwana asifiwe. Na mimi ndani nimeshika kisu na karoti.

Hivi kweli? Mtu ambaye hajawahi kumenya hata kitunguu kimoja jikoni kwangu? Nilimweleza mume wangu. Akasema, “Si anakula? Wewe unataka nini tena?” Nilitaka ajue, nikamwambia. Nilitaka mtu mmoja upande wa pili wa ukuta ajue kwamba mimi nipo. Mume wangu akasema hayo ni mambo ya wanawake, akaondoka zake Chimala.

Uongo ule wifi aliurudia mpaka akauamini. Wiki ya kumi na tano, sijasahau, alikuja na pakiti zake za tambi, akaniambia nikae pembeni. Kuanzia siku hiyo chakula cha baba kingepikwa na mtoto wake, kama inavyostahili. Nikakaa pembeni. Akaziweka tambi kwenye maji ya vuguvugu, akafunika, akaenda kupiga simu. Akarudi baadaye, akaongeza maji, akafunika tena. Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu, akachukua mwiko wa ugali, akabana sufuria kwa miguu, akaanza kuzisonga.

“Wifi, tambi hazisongwi.”

“Chakula kisichosongwa hakijaiva,” alinijibu bila kugeuka, huku anakandamiza. “Baba hana meno. Unataka zimkabe?”

Alizisonga mpaka zikawa donge moja la kijivu. Akaliviringisha vizuri, akalilainisha kwa kijiko kilicholoweshwa maji, akamimina sosi ya soya juu kama mchuzi. Akapeleka. Donge likarudi. Kesho yake akapika vilevile, likarudi. Siku ya tatu mzee hakutoka barazani wala hakuimba, na wifi akakaa kwenye kigoda changu akilia, eti ugonjwa wa baba umerudi, eti anamfuata mama.

Nilimhurumia kwa dakika moja hivi. Kisha nikalipuka.

Nilimwambia baba yake haumwi, ana njaa. Nilimwambia sio ugonjwa uliorudi, ni mwiko wake wa ugali ndio uliorudi. Nilimwambia mzee yule aliimba kwa sababu ya mikono hii, nikamwonyesha, ilivyoungua na ilivyojaa alama za kisu, na kwamba kama anataka kumzika baba yake kwa ajili ya sifa za jumuiya, asimzikie nyumbani kwangu. Nilisema kwa sauti kubwa. Najua nilivuka mpaka. Siombi radhi.

Wifi akasimama, akafunga khanga yake vizuri kiunoni.

“Sawa. Kumbe ndivyo Wahehe mlivyo. Basi mpikie, na umpelekee mwenyewe tuone.”

Akatoka na kubamiza geti. Alikuwa amenishika pabaya na alijua, kwa sababu kupeleka ndilo jambo pekee nisiloweza. Mume wangu angerudi keshokutwa. Kumwita jirani aje amlishe mzee wetu ingekuwa aibu kwa ukoo mzima, na mzee mwenyewe angekataa kula mbele ya mgeni.

Nikapika. Sijawahi kupika kwa hasira namna ile. Maji yakachemka, nikatia tambi, nikahesabu, nikatoa. Nikaponda kitunguu saumu hadi kibao kikapasuka. Nilikuwa na supu ya kuku wa kienyeji, nikaichemsha na tangawizi, nikakata kabichi nyembamba kwa ajili ya mtu asiye na meno, nikavunja yai juu yake. Nikajitanda khanga mpaka kwenye nyusi, nikatazama chini, nikatembea korido ile nikihesabu vigae. Nikaliweka bakuli kwenye stuli mbele ya mlango wake. Nikagonga mara moja, nikakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto watatu, nakimbia ndani ya nyumba niliyoipaka rangi kwa mikono yangu.

Nikafunga mlango wa jiko, nikasikiliza. Kimya. Tambi za mchuzi hazina subira. Zikikaa zinavimba, zinakunywa supu yote, na wewe unabaki na uji. Niliwaza zinavyovimba pale kwenye stuli. Niliichukia mila, nikamchukia wifi, nikamchukia mume wangu na Chimala yake, nikajichukia na mimi kwa kukimbia. Ningeweza kufungua mlango ule na kusema, Baba, kula. Maneno mawili. Nikashindwa. Huko Kihesa nilifundishwa kwamba ukiolewa unashika mila za kwa mume wako, na mimi ni mtu wa kushika ninachofundishwa hata kinapoliuma ini langu.

Kisha nikasikia mlango wake. Nikasikia stuli ikikwaruza sakafu. Nikakaa chini, nikasubiri.

Alikohoa mara mbili. Lakini kikohozi hakikuelekea chooni. Kilikuwa kinakuja jikoni.

Nikaruka, nikageukia ukuta, khanga usoni. Mlango ukafunguliwa taratibu. Sikusikia mtu akiingia, nikachungulia kupitia pindo la khanga. Baba mkwe wangu alikuwa anaingia kinyumenyume. Alitembea kwa nyuma, hatua moja moja, akipapasa fremu ya mlango kwa kiwiko, uso ukiwa upande wa korido. Mikono yake aliipeleka nyuma ya mgongo, na ndani ya mikono hiyo kulikuwa na bakuli. Tupu.

Akasimama. Shati lilimkaa kama limetundikwa kwenye kigingi. Akaongea na korido.

“Kama kuna mtu humo jikoni,” alisema, “mwambieni nimesikia ugomvi wote. Kuta za nyumba hii ni nyembamba.”

Sikuruhusiwa kujibu.

“Mwambieni miezi yote hii nilikuwa namshukuru mtu siye.”

Nikaanza kulia, na nilichukia kulia. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo kwa muda mrefu, na yalipokuja yalipelekwa kwenye korido tupu, kwa mtu anayeitwa “mwambieni.” Nilitaka ageuke. Nilitaka anitazame hivi nilivyo, na jasho langu na harufu ya vitunguu saumu, aniite mwanangu. Hakugeuka. Nikalichukua bakuli mikononi mwake kwa uangalifu ili vidole visigusane, nikalijaza, nikalirudisha kwenye mikono ile iliyokuwa inangoja nyuma ya mgongo.

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Akalileta bakuli mbele yake na kuanza kula pale pale mlangoni, mzee mzima amesimama wima, akivuta tambi kwa kelele, mgongo kwangu. Kwenye sufuria zilikuwa zimebaki za mtu mmoja. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikachukua uma, nikamgeuzia mgongo, nikala na mimi.

Wifi alirudi jioni kuchukua mwavuli wake aliousahau, akauliza baba ameshindaje. Nikamwambia tumekula.