Papa Mkavu wa Mkwe

Kaka yangu alipooa binti wa Tanga, baba alipania kweli kweli. Sisi watoto wake tumekulia ugali wa uwele na mlenda, wala hakuna aliyewahi kutuuliza tunapenda nini. Ila kwa mkwe! Mzee alipanda basi mwenyewe kutoka Kiomboi hadi gulio la Shelui, kule yanakosimama malori ya pwani, akarudi na nazi na papa mkavu, ati mtoto wa pwani asijione yuko ugenini. Nilinuna, nisiseme uongo. Na papa ndiye kitoweo anachokipenda baba mwenyewe kuliko hata mbuzi wa kuchoma.

Kwetu mkwe wa kike hali mbele ya baba mkwe. Tukakaa jikoni na mama, baba sebuleni, sikio lote huku kwetu.

Wifi alipoona bakuli la papa akarudisha mkono. Kaka alishanidokeza. Wifi ni mwalimu wa baiolojia, na chuoni alilinganisha nyasi fulani inayoota kwenye mchanga wa ufukweni na papa, ajue nani yuko hatarini kutoweka. Nyasi ikaonekana salama salimini. Papa anakwisha. Toka hapo aliapa hamli tena.

Akisukuma lile bakuli, baba ataumia hadi mwakani. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama, akamega tonge, akala. Alimaliza mpaka mchuzi, akashukuru, macho yamemlowa. Mama akadhani ni pilipili.

Baba naye si mjinga. Jioni akanituma nimuulize mkwe kama chumvi ilizidi. Wifi akaona bora aseme ukweli, nami nikawa naenda na kurudi kati ya jiko na sebule kupeleka maneno. Baba alicheka sana habari za nyasi. Akasema huku Iramba nyasi ndizo zinazokwisha, ng'ombe hawabakishi kitu, lakini papa hajawahi kukosekana gulioni. Akanywa chai yake akaenda kulala. Nikajua yameisha.

Pasaka kaka na mkewe wakaja tena, nami nikaenda. Tukakuta mlenda na ugali. Nikamtania mama kwamba naona mapenzi ya mkwe yamepoa mapema. Mama akanivuta pembeni. Akasema tangu siku ile baba hajatia papa mdomoni. Hata sisi tusipokuwepo. Muuzaji wake wa gulioni humwita kwa jina, yeye hupita anatazama upande wa vitunguu. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nikarudi jikoni. Wifi alikuwa bado anatazama chakula, hajagusa, labda anajiuliza kama baba alikasirika. Mara tukasikia mzee akikohoa sebuleni, akaniita.

"Mwambie mwanangu ale kwa amani," alisema. "Mlenda nimeuliza. Bado upo mwingi."