Mzungu Aliyegonga Kigoda

Mwaka ule sukari ilikuwa ya kupanga foleni. Sisi wa Manyamanyama, kule Bunda, tulinywa chai isiyo na sukari, na mimi nilikuwa na ndoto moja tu: kwenda chuo cha Buhare kusomea ufundi umeme. Nafasi nilishapata. Aliyekataa ni mama.

Chanzo ni mzungu mmoja, fundi wa mitambo ya kiwanda cha pamba. Baba alimzoea huko kwenye kupima pamba, Jumapili moja akamleta kula. Mama, mwimba kwaya, akamuuliza hata ugali haujapoa.

"Mgeni wetu, ni kweli kwenu hamsaligi?"

"Wengi hatusali, mama."

"Na mmesoma sana?"

"Kiasi."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Shule ikizidi inamfukuza Mungu. Huendi."

Nikarudisha kipande cha samaki sahanini.

Baba akanitetea. "Siyo shule, ni damu. Watu wa baridi damu yao imepoa, imani haishiki."

"Damu gani? Waliotuletea kanisa si walitoka kwenye baridi hiyohiyo?"

Baba akatafuna kwanza. "Basi hao ndio waliokuwa wa moto. Waliondoka wote wakaja huku. Waliobaki ndio hawa."

Mzungu alicheka mpaka akapaliwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa mlangoni. Yeye kanisani hakuwahi kwenda. Kila akinywa togwa alimwaga kwanza kidogo chini, ya wazee waliotangulia. Akauliza, "Hiyo mashine yenu imepona?"

"Imepona, bibi. Mwezi mzima haijanisumbua." Akainama, akagonga kigoda alichokalia, ngo ngo ngo.

"Unamgongea nani?"

Mzungu akawa mwekundu kama nyanya. "Desturi tu. Ukisifu kitu unagonga mti, kisije kikaharibika."

"Kisiharibiwe na nani?"

Mzungu akakitazama kigoda. Bibi akachukua kata, akamwaga togwa karibu na kiatu cha mzungu. "Wape wazee wako. Unawagongea kila siku, hata kinywaji huwapi!"

"Nilisema ni damu!" Baba akapiga paja.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Kugonga ulifundishwa shuleni?"

"Hapana. Nilifundishwa na bibi yangu."

Mama alimtazama mzungu, akamtazama bibi, kisha mimi. "Kumbe shule yote ile haikumtoa bibi kichwani."

"Mama, niende?"

"Utaenda. Ila kuanzia leo unalala kwa bibi, akujaze vizuri."

Nikajazwa. Usiku bibi alinifundisha mambo ya wazee, asubuhi mama alinisomesha Zaburi juu ya hayo, kama wanaopakia gari moja la mizigo.

Siku ya kuondoka nilijisahau kwa furaha, nikatamba, "Mama, nitafaulu, nitawasha taa Bunda nzima!"

Bibi alikuwa mbali, anafungulia mbuzi wake. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia kama kuna mwanakwaya mwenzake, akagonga fremu ya mlango mara tatu.

"Panda gari," akasema, "na usimwambie mchungaji."