Mtungi Uliolinywesha Lori la Kijiji

Juzi gari nililopanda lilichemka kabla hatujafika Ziwani. Dereva alipofungua mfuniko wa rejeta nami nikachungulia. Maji yalikuwa meupe, mazito, kama tui la kwanza. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nakuambia wazi: sufuria nikishaisuuza naisuuza tena, halafu naipeleka juani kuikagua. Huenda ugonjwa huu ulianza na rangi ile.

Enzi za ujamaa, kijiji chetu cha upande wa Madimba kilikuwa na lori moja la kubebea korosho. Liliegeshwa mbele ya nyumba ya bibi, maana hapo palikuwa tambarare. Kisima kilikuwa mbali, hivyo bibi ndiye aliyelinywesha maji ya mtungi wake. Alijivunia hilo kuliko jambo lolote. "Gari linakunywa kwangu," alisema, utadhani anamtaja mkwe. Asubuhi nilisikia kinu chake, nikanusa makopa ya muhogo yaliyoanikwa uani, kisha nikasikia kata ikigonga mdomo wa mtungi. Hapo nilijua dereva amekuja.

Msimu mmoja, magunia yakiwa yamejaa ghalani na mawingu yameanza kujikusanya, lori likawa linachemka. Oili ilipungua kila siku, lakini chini ya injini hapakuwa na hata tone. Dereva akafungua rejeta, akakuta uji mweupe.

Sasa ujue desturi ya kwetu. Rejeta ikivuja, madereva walitia konzi ya unga wa muhogo. Ukiiva kwenye maji ya moto unaziba tundu. Kwa hiyo kila aliyeuona uji ule alisema ni unga. Dereva akaapa hajatia. Basi macho yakageukia mtungi. Ikasemwa bibi aliloweka makopa humo. Jirani yetu, mwanamke aliyekuja kuchukua moto jikoni kwetu kila siku, akacheka: "Leo gari limepikiwa futari." Wengine hawakucheka. Walitaja hujuma, na siku zile neno hilo halikuwa dogo.

Nilichanganyikiwa. Kata niliiona kila asubuhi, safi. Lakini uji nao niliuona. Niliingiza mkono mtungini mpaka begani, nikautoa, nikaunusa, nikaurudisha tena. Bibi alinitazama, akarudi kwenye kinu chake.

Fundi aliletwa kutoka mjini, mgeni mwenye asili ya Songea. Alimsikiliza dereva, akawasikiliza wenye unga wao, akachota uji ule kwenye bakuli na kuketi karibu na bibi.

"Shikamoo, bibi. Unga ukiuacha kwenye maji unafanyaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Unazama. Hata mtoto huyu anajua."

"Basi tusubiri."

Bakuli likakaa kibarazani, watu wamelizunguka kama wacheza karata. Weupe haukuzama. Ulipanda juu, na jua lilipoupiga ukang'aa rangi rangi. Fundi akachovya vidole, akavisugua: utelezi. Ilikuwa oili. Akatueleza kwamba ubavuni mwa injini kuna kipozea oili. Oili hupita ndani ya vibomba, maji hupita nje yake. Kibomba kikitoboka, oili inaingia kwenye maji badala ya kudondoka chini.

Akakifungua, akaziba mdomo mmoja, mwingine akauunganisha na pampu ya baiskeli, akakizamisha kwenye karai la bibi. Mapovu yakatoka katikati. Kipozea kingine, kilichong'olewa kwenye lori bovu la mjini na kuletwa kijijini, nacho kilizamishwa, kikakaa kimya. Fundi akakifunga kwa gasketi ya kuzuia uvujaji aliyoikata mwenyewe, akabadilisha oili, akaosha rejeta kwa sabuni mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Korosho zikafika mjini kabla ya mvua.

Hapa ndipo mpaka leo sielewi. Asubuhi iliyofuata matengenezo yale, bibi alijaza mtungi, akasuuza kata, akakaa mlangoni. Dereva alimwamkia kwa heshima zote, akaenda kuomba maji kwa yule jirani. Kesho yake vilevile. Ilikuwa haya? Au bado walimshuku? Mapovu kila mtu aliyaona. Nilipomuuliza bibi, alisema tu, "Maji yangu wameyaona. Wacha wanywe wanakotaka."

Hata hivyo kila jioni aliyamwaga maji ya siku hiyo kwenye shina la mkorosho, na alfajiri akajaza mapya. Alifanya hivyo mpaka lori lenyewe likafa.

Juzi nilipomwambia dereva kwamba huenda ni kipozea oili, aliniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu sikusomea; mengi nimejifundisha kwa kuvisumbua vyuma vya watu, ila hili nililijua kwa bakuli. Nikamwacha na gari lake, nikatembea hadi kwetu.

Nyumba ya bibi imeanguka. Kinu hakipo, karai halipo, na mahali pa lori wamepanda mihogo. Kilichobaki ni kipande cha sakafu chenye kishimo cha duara, mahali ulipokaa mtungi miaka yote ile. Mvua ilikuwa imenyesha, kishimo kimejaa. Nikainama kuyatazama maji yale, nikangoja, nikayatazama tena.

Yalikuwa safi.